Jicho la Pili la Kinu Namba Tatu

Saa mbili asubuhi, chini ya mlima Loleza, Kinu Namba Tatu kilianza kupandishwa nguvu, na nusu ya jiji la Mbeya ikachemsha chai kwa joto la kokoto.

Kokoto zenyewe zilikuwa za urani, kila moja kubwa kama limau na imevikwa ganda gumu, zikiwa zimejazwa ndani ya pipa la chuma lisilozidi urefu wa lori. Gesi ya heli ilipita katikati yake ikabeba joto, ikalikabidhi kwa maji, maji yakawa mvuke, na mvuke ukazungusha mtambo wa umeme. Kinu kililetwa kizima kutoka kiwandani, kikafukiwa ardhini, na watu wakajenga nyumba jirani bila wasiwasi. Hakikuwa na hulka ya kulipuka. Kikikosa maji kilijizima chenyewe, kama mtoto aliyesusa chakula. Kwa miaka ishirini na mbili umeme wa Mbeya haukuwa umekatika, na watoto wa jiji walilisikia neno "mgawo" kwa bibi zao tu.

Katika chumba cha kuongozea alikaa Lugano, mama wa miaka hamsini na mbili, na kazi yake iliitwa jicho la pili. Ilikuwapo mashine yenye akili, Mnong'onezi, iliyosoma vipimo elfu tatu kwa wakati mmoja na kuvitangaza kwa sauti ya upole. Hata hivyo sheria ya vinu ilitaka kila kipimo kikuu kitazamwe na binadamu wawili. Wa kwanza husoma kwa sauti, wa pili hutazama, hurudia, kisha husema, "Nimeona." Bila neno hilo hakuna hatua inayofuata. Lugano alikuwa amelisema kwa miaka kumi na tisa.

Jicho la kwanza siku hiyo lilikuwa la Tusajigwe, na hapo ndipo palipokuwa na kidonda.

Tusajigwe aliingia kituoni akiwa hajui hata geji inashikwa wapi. Lugano ndiye aliyemfundisha kusoma mshale. Mkuu wa kituo alipokaribia kustaafu, kila mtu alimpigia Lugano saluti ya utani koridoni, "Shikamoo, Mkuu," naye akacheka na kuitikia. Akaenda kwa fundi cherehani wa Mwanjelwa akashonesha suti ya kijani, mabega yamekaa sawasawa, ya kuapishwa nayo. Barua ilipotoka, jina lilikuwa la Tusajigwe. Lugano aliivaa suti ile ile siku ya sherehe, akaketi safu ya pili, akapiga makofi hadi viganja vikawaka moto. Na yule binti, Mungu amsamehe, akamjia akitabasamu: "Mama, suti imekupendeza kweli!"

Afadhali angemtukana. Mtu akikutukana unapata pa kushika. Huyu kila asubuhi alimletea chai ya maziwa kwenye chupa na kumwita Mama mbele za watu, na kila alipomwita hivyo roho ya Lugano ilichubuka upya. Alimwonea kijicho viatu vyake, sauti yake, hata namna wageni walivyomsogezea kiti. Na leo wageni walikuwa wamejaa nyuma ya kioo, kwa sababu Kinu Namba Moja kilikuwa kimefunguliwa kubadilishwa kokoto, na Mkuu mpya alikuwa anaonyesha jinsi Namba Tatu kitakavyobeba mzigo wake.

"Shinikizo la maji, pampu ya pili," Tusajigwe akasoma. "Themanini na nane."

"Wastani ni themanini na nane," Mnong'onezi akasema. "Hali ya kawaida."

Lugano akatazama geji. Mshale haukuwa umetulia. Ulitetemeka kidogo huku na huku, kama mdomo wa mtu anayejizuia kulia. Beringi ya pampu ilikuwa inakufa. Dalili ile alionyeshwa zamani na Andulile, fundi wa pampu, aliyemsimamisha mbele ya geji kama hiyo akamwambia, "Mashine inapiga hesabu ya wastani, dada. Wastani haujawahi kuumwa."

Ilibaki kusema "Simamisha." Wangehamia pampu ya tatu, wakachelewa saa moja, basi.

Lakini akawaza: kinu kitajizima. Hakuna atakayekufa. Ila huyu ataitwa Mkuu aliyeturudishia mgawo, tena mbele ya wageni wake.

"Themanini na nane," akarudia. "Nimeona."

Ilipokaribia saa nne pampu ikapasuka. Kinu kikajizima taratibu, kama kilivyobuniwa, na mgawo ukarudi Mbeya. Lugano aliutazama uso wa Tusajigwe ukipauka, akasikia utamu kifuani. Utamu huo ulidumu muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kisha simu ya ndani ikalia. Andulile alikuwa ameusikia mlio wa pampu kupitia sakafu, akashuka mwenyewe kuifunga kabla haijapasuka. Mvuke ulimchoma mkono wa kuume hadi kwenye kiwiko. Waliobuni kinu kile waliwaza kila kitu kuhusu kinu.

Siku ya nne tume ya kuchunguza ajali ilikaa. Andulile alikuja na mkono wake umefungwa bandeji nene, akaketi nyuma. Alimtazama Lugano mara moja tu, halafu akainamisha macho. Alikuwa anajua.

Tusajigwe alisimama bila kuitwa mara ya pili.

"Kosa ni langu, mimi ndiye niliyekuwa nasimamia," akasema. "Mama Lugano aliitazama geji ile pamoja nami. Kama yeye hakuona kitu, hakuna jicho la binadamu ambalo lingeona."

Mwenyekiti wa tume, mhandisi mwenye mvi, akatikisa kichwa polepole. "Basi tunaandika hivi. Mkuu anajiuzulu, na Bi Lugano anakaimu. Na kama jicho la binadamu haliwezi, kazi ya jicho la pili inafutwa katika vinu vyote vya nchi. Anabaki Mnong'onezi." Akasogeza karatasi. "Kwa desturi yenu, someni kumbukumbu tufunge."

Tusajigwe akaishika karatasi. Sauti yake ilikwaruza. "Pampu ya pili. Mshale ulitulia kwenye themanini na nane."

Chumba kizima kikamgeukia Lugano. Kiti alichokitaka kilikuwa pale, kimeshafutwa vumbi. Ilibaki arudie maneno sita, aseme nimeona.

Alisimama.

"Mshale ulitetemeka," akasema. "Niliuona. Andulile alinifundisha, nikaujua papo hapo, nikanyamaza."

Tusajigwe aliiweka karatasi mezani, akamtazama kama mtu anayesoma geji asiyoielewa.

"Kwa nini, Mama?"

Lugano alitafuta sababu kubwa, sababu ya kumtosha mtu aliyeunguzwa mkono. Aliipekua roho yake yote na hakuiona.

"Nilikuwa nimeshashonesha suti," akasema.