Eti Gitae Ana Mkosi

Siku ya ufunguzi wa msimu pale uwanjani Busan, foleni ya kuku wa kukaanga haina adabu, na Haeju hakuwa nayo pia. Alivaa jezi ya Nyangumi, timu yake ya besiboli, iliyokaribia magoti, nywele kazibana juu, mashavuni kajipaka rangi ya buluu ya timu. Boksi la mwisho likachukuliwa na kijana mrefu wa mbele yake, mwenye shati jeupe la ofisini.

"Kaka, hata jezi huna," Haeju akamvaa. "Unakula kuku wetu kwa kibali cha nani?"

Kijana akageuka, akacheka. "Cha njaa. Lakini atakayenieleza huu mchezo, nagawana naye."

"Mapaja yangu."

"Yote chukua, dada."

Aliitwa Gitae, muuzaji wa vifaa vya hospitali, na besiboli hakuijua hata kidogo. Nyangumi walichapwa tisa kwa moja. Haeju alirudi nyumbani kanuna, lakini namba ya simu ya kijana alikuwa nayo.

Wakapendana haraka, kama watu wanaochelewa treni. Maua ya micheri yakachanua, yakapukutika, na Nyangumi walikuwa wameshinda mechi mbili tu, zote siku ambazo Gitae alikuwa kazini. Warushaji walirusha mipira ovyo, wapigaji wakapiga hewa, kocha akasimama kakunja mikono kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Haeju akawa hali, hajibu ujumbe, anatukana televisheni.

"Mpenzi, si mwezi wa nne tu?" Gitae alimbembeleza. "Msimu bado mrefu."

"Kila mwaka tunaambiwa hivyohivyo! Wewe umeanza jana, mimi nalia toka shule ya msingi."

Ndipo Dada Okbun, mpiga ngoma wa safu yao ya mashabiki, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, akamvuta pembeni. "Mdogo wangu, hujaona? Bwana wako akikanyaga hapa tu, tunachapwa. Ana mkosi huyo."

Haeju akacheka. Lakini neno lile alilala nalo, akaamka nalo.

Ijumaa Gitae akapiga simu, sauti imejaa furaha. "Haeju wangu, Jumapili Mama anakuja kutoka Andong. Nimekata tiketi tatu, maana najua mechi huikosi. Anataka kukuona."

Moyo wa Haeju ukaruka. Mama hapandi treni kwenda kumtazama msichana wa mwanawe kwa mchezo. Hiyo ni habari ya ndoa, na ndoa na Gitae aliitaka kuliko kitu chochote. Kisha akakumbuka Jumapili wanacheza na nani: mahasimu wao wakubwa.

"Jumapili usije uwanjani, kaka."

"Nini?"

"Usinune basi. Siku usipokuja ndiyo tunashinda. Kila mtu ameona."

"Unanitania."

"Sikutanii. Mama mlete wiki nyingine."

"Basi tukutane baada ya mechi, tule chakula."

"Na tukifungwa? Nitakuwa na sura gani mbele ya mama yako? Jumapili hii tu, laazizi. Nifanyie hilo."

"Haya," Gitae akasema. "Mshinde."

Na wakashinda kweli. Mzunguko wa tisa, wa mwisho, mpira ukapaa juu ya ukuta wa kushoto, uwanja ukalipuka, bia zikamwagika vichwani. Haeju akamkumbatia Okbun, akakimbilia ngazini na simu sikioni.

"Umeona, kaka? Tumeshinda!"

"Sikuangalia. Nilikuwa namsindikiza Mama stesheni."

"Kumbe alikuja? Basi nipe namba yake, nimwombe radhi mwenyewe."

"Haeju." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ukamtisha. "Alivaa gauni alilovaa harusi ya dada yangu. Alikuletea keki za mchele, kapika mwenyewe alfajiri. Akaniuliza mchumba yuko wapi. Ningemwambia nini? Kwamba mwanawe ana mkosi?"

"Ulimwambia nini?"

"Akaniuliza kama upo kweli. Nikamwambia hapana."

"Gitae, jamani..."

"Mama yangu sijawahi kumdanganya. Basi kuanzia leo haupo, usinifanye mwongo."

Simu ikakatwa. Nyuma yake watu walikuwa wakiimba wimbo wa ushindi, na Haeju, aliyeungoja wimbo huo mwezi mzima, aliziba sikio moja asiusikie. Alipiga tena na tena. Haikupokelewa, siku hiyo wala kesho yake.

Jumanne Nyangumi wakachapwa kumi na moja bila. Okbun akaweka ngoma chini, akaangaza macho huku na huku. "Haya, leo nani katuletea mkosi?"

Haeju alikuwa amekaa peke yake.

"Hakuwa yeye," akasema. "Dada, tazama. Hakuwa yeye."

Akaangua kilio mbele za watu. Okbun akamshika bega, akamwambia asijali, timu itaamka tu, bado mapema.