Presha Ilipimwa

Muhidini aliuza mchele sokoni Uyole, Mbeya, pamoja na binti yake Mwamvita, mwenye miaka ishirini na miwili. Asubuhi moja, akimpimia mteja, Mwamvita aliweka kopo chini akashika kifua.

"Baba, moyo unanienda mbio."

Muhidini alimkalisha kwenye gunia. Maneno hayohayo aliyasema marehemu mkewe, Batuli, walipokuwa Chunya. Muuzaji wa duka la dawa alijaza bomba la sindano, akaisukuma dawa yote mara moja bila kumpima presha. Batuli alilegea, akafa palepale kwenye kiti.

Safari hii Muhidini alikimbilia hospitali. Nesi Andendekisye aliwaeleza kuwa kuna utafiti wa dawa ya moyo, na Mwamvita anaweza kushiriki akikubali.

"Mnataka kumjaribia mwanangu dawa?" Muhidini aliuliza. "Mama yake alikufa kwa sindano."

"Pole sana, baba. Dawa yenyewe ni ileile ya zamani. Kilichobadilika ni maji yanayoiyeyusha. Yale ya zamani huwashusha wengine presha. Tunapima kama haya mapya ni salama zaidi. Bado hatujui."

"Na presha ikishuka?"

"Dawa inaingia polepole kwa dripu. Tunapima presha kila dakika tano, na daktari yupo. Ikishuka, tunafunga dripu. Mkikataa, atatibiwa vilevile kama wagonjwa wengine."

Mwamvita alijibu mwenyewe. "Nimeelewa. Nitatia sahihi fomu ya kukubali."

Dakika ya ishirini ya dripu, presha ilishuka. Midomo ya Mwamvita ilipauka. Nesi alifunga dripu, daktari akaja mbio, wakamwinua miguu. Muhidini aliegemea ukuta. Polepole, presha ikapanda. Nesi akaandika yote yaliyotokea.

"Hata hili mnaandika?" Muhidini aliuliza.

"Hili hasa. Tukilificha, litamuua mwingine."

Dawa iliyokwisha kuingia ilitosha; jioni moyo ulitulia. Siku ya tatu Mwamvita alirudi nyumbani.

Mwezi uliofuata, jirani yao Asukile alikuja sokoni akitafuta mtu wa kumdunga baba yake sindano nyumbani. Moyo wa mzee ulikuwa unakwenda ovyo.

"Asidungwe nyumbani," Muhidini alisema, akifunga kibanda. "Twende hospitali sasa hivi."

Huko mzee alipimwa presha na mapigo ya moyo kabla ya dawa yoyote. Akapata nafuu.

"Ulijuaje, kaka?" Asukile aliuliza.

"Nilichelewa kujua," Muhidini alisema.