Makoti ya Jumamosi

Koti la Ayoo lilirudi kutoka barazani likiwa limechanika kwapani, kwapa la kulia. Mwenyewe hakuwa amekwenda. Alikuwa amelala tangu saa tisa, mgongo ukimuuma kwa kubeba kikapu cha majani ya chai. Akalitazama, akasema, "Ala! Nani amevaa koti yangu?" Halafu akatafuta sindano, akashona, akalala tena. Hapo ndipo alipokosea, ukiniuliza mimi. Lakini usiniulize sana, maana nani ana nguvu ya kufuatilia koti baada ya siku sita za kuchuma?

Kambi yetu ilikuwa katikati ya chai, karibu na Kapsoit, katika ile miaka ya hamsini ya hali ya hatari. Kila Jumamosi saa kumi wafanyakazi walikuwa na baraza mbele ya stoo, na mambo yaliamuliwa kwa kuinua mikono. Zamani mama mmoja aliyekuwa amejifungua alishindwa kutoka, akatuma koti lake la mvua litundikwe kwenye ua wa stoo, maana yake, mimi niko pamoja na walio wengi. Watu wakacheka, wakalihesabu. Jumamosi iliyofuata makoti yakawa matatu, baadaye ishirini, na mwishowe ikawa desturi ya kambi: uchovu ukikushinda, tuma koti.

Hivyo ndivyo Zacheus alivyopata uenyekiti, kwa watu tisa na makoti arobaini. Alikuwa mnoaji wa visu vya kupogolea chai, mtu wa sauti ndogo ambaye hata mbwa wa kambi walikuwa hawamtii. Akaanza vizuri, hilo tulikubali. Foleni ya bomba la maji ikanyooka, vyoo vikafagiliwa.

"Angalau huyu anafanya kazi," alisema Akeyo, jirani wa Ayoo wa ukuta kwa ukuta.

Kisha akapata filimbi. Kisha akapata vijana wa kufunga kitambaa cha kijani mkononi na kupiga watu wanaochelewa. Kisha baraza likapitisha kwamba mwenyekiti hachaguliwi tena, kwa sababu kuchagua kunawachosha watu, na kwamba akipita kila mtu asimame na kuinua mkono wa kulia. Utasema, na nyinyi mlikubali? Jamani, tulikuwa tumelala! Bwana wa shamba naye alifurahi kwamba kambi imetulia. Na kila Jumamosi jioni Ayoo alishona kwapa lile lile.

Sasa lilikuwa linarudi na harufu. Haikuwa jasho lake wala moshi wa jiko lake. Ilikuwa harufu ya majani ya chai yaliyosahauliwa guniani mpaka yakaanza kuchemka yenyewe. Na ndani ya mkono wa koti, hata kukiwa na baridi ya ukungu, kulikuwa na joto.

Zacheus alipokosa la kupanga, akatafuta wa kulaumiwa. Akasema maji yanapungua kwa sababu ya wageni, wale waliokuja baada ya mwaka wa mvua ya mawe. Wakanyimwa bomba kwanza. Halafu ikatangazwa kwamba Jumamosi baraza litaamua waondoke, kuanzia na Nyathira.

Nyathira alikuwa na mimba ya miezi minane. Ndiye aliyemuuguza Ayoo malaria, akimchumia na kikapu chake ili jina lake lisifutwe kwenye daftari la kazi. Bila barua ya kambi ya kumruhusu kusafiri, njiani askari wangemkamata kabla hajafika popote.

Ayoo akamwendea Zacheus, akainua mkono kama ilivyotakiwa. "Mzee, huyu mama atazalia barabarani."

Zacheus hakukasirika. "Mimi simfukuzi mtu, mama," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Nyinyi ndio mnainua mikono. Mimi nahesabu tu."

Hapo Ayoo akaogopa kwelikweli. Kesho yake alimvizia Kogo Chepkosgei, bibi wa Kipsigis aliyeleta maziwa kutoka Sosiot, ambaye watu walimwita wakisumbuliwa na pepo. Bibi akalishika koti, akanusa kwapa, akalirudisha haraka.

"Hii si ya kufukuza na dawa, mtoto wangu," akanong'ona. "Hii hamkurogwa. Mmeiita wenyewe. Mnatuma nguo tupu mahali pa watu, mnataka ikae tupu mpaka lini? Kila mtu aende mwenyewe, avae yake, akatae kwa mdomo wake. Itakosa pa kukaa."

"Na nikienda peke yangu?"

"Itatoka kwako peke yako."

Jumamosi Ayoo akapita mlango kwa mlango. Aliwaeleza, aliwabembeleza, alilia. Hakuna aliyembishia. "Maskini Nyathira," walisema. "Ni vibaya kweli. Lakini leo sijiwezi, dada. Si unaenda? Nibebee na koti yangu." Alipofika mstari wa mwisho wa nyumba alikuwa na makoti kumi na moja mkononi na hakuna mtu hata mmoja nyuma yake. Akayatupa matopeni, na lake likaanguka nayo, akakimbia. Vijana wa kitambaa cha kijani wakayaokota, wakayatundika.

Mvua ilikuwa imeanza. Zacheus alisimama juu ya sanduku la chai, mbele yake watu sita wakitazama chini, na ua wote kushoto na kulia umejaa makoti, mengine ya magunia, mengine ya mpira, yakivuja maji. Akauliza, "Nani anakubali Nyathira aondoke?" na upepo ulikuwa umekufa kabisa, matone yanashuka wima, ndipo mikono ya makoti ikaanza kujaa, polepole, kuanzia begani, kiwiko, halafu kifundo, ikainuka mmoja baada ya mwingine kwa mlio wa nguo mbichi ikinyooshwa, mpaka ua mzima ukawa mikono iliyosimama, na ile harufu ya chai iliyochemka ikamjaa Ayoo kooni. Wale watu sita, walipoona hivyo, wakainua ya kwao.

Ayoo akalivuta koti lake kutoka kwenye ua, akalivaa. Ndani mlikuwa na mkono mwingine. Ulikuwa wa moto, ukapenyeza vidole kati ya vidole vyake, ukaanza kumpandisha mkono, naye akauvuta chini kwa mkono wa kushoto, akapiga magoti juu ya mkono wa koti, huku sauti ndogo ikimwambia kwapani, umechoka, mama, umechoka, niachie mimi, na kweli alikuwa amechoka kuliko siku yoyote ya maisha yake.

"Mimi sikubali!" akapiga kelele. "Mimi Ayoo, niko hapa, sikubali!"

Koti likanywea. Likawa koti tu, baridi, limelowa.

Zacheus akahesabu. "Mmoja amekataa," akasema bila haraka. "Imepita."

Ayoo alimsindikiza Nyathira mpaka barabara kuu, akamfunika kwa kanga yake, akasimama hapo mvuani mpaka mwenzake akapotea kwenye ukungu. Akarudi na homa. Wiki nzima alichuma akitetemeka, lakini kila asubuhi alikuwa akijiambia: Jumamosi nitakwenda tena. Nitakwenda kila Jumamosi. Mara hii alijua jambo lililokuwa kwenye baraza. Lilikuwa jina lake: aondoke naye.

Jumamosi hiyo alirudi kutoka kwenye mizani ya majani ya chai saa nane. Akatundika koti msumarini, akakaa kitandani avue matope miguuni. Bado saa mbili kabla ya baraza. Akajilaza kidogo tu.

Alipofumbua macho, mvua ilikuwa imekwisha na msumari ulikuwa mtupu.

Akeyo alikuwa amesimama mlangoni, koti limekunjwa vizuri mikononi mwake, macho yamemjaa machozi.

"Niligonga, dada. Nikakuona umelala hivyo, nikakuonea huruma, nikasema nisikuamshe," akasema. "Nilikupelekea mimi."

Ayoo akainuka kitandani.

"Imepita. Wote walikubali. Yako ndiyo ilikuwa ya kwanza kuinuka." Akeyo akalinyoosha koti, akaonyesha kwapa. "Imechanika tena. Lete sindano nikushonee, usije ukaondoka na baridi hii ikikuingia."