Pembe ya Babu Yake Joel

Wa kwanza kutusimulia habari hii ni Joel mwenyewe, rafiki wa kaka yangu, Pasaka ya mwaka 2022, nyumbani kwetu Same.

Alikuwa amekwenda Tanga, akatoka baharini na mashua ya wavuvi kupiga picha za kasa. Asubuhi hiyo wingu lilitanda na maji yalikuwa meusi. Kasa mkubwa alipopita chini yao, Joel alivaa miwani ya kuzamia, akakaa ukingoni na kamera yake. Ndipo aliposikia pembe. Ililia mara tatu, na mlio wa mwisho ulikwaruza.

"Nani anapuliza pembe?" aliuliza.

Omari, mwenye mashua, akacheka. "Mpare, kama unaogopa maji sema tu. Lete hiyo kamera."

Kwao Joel, Shighatini, huko Upare, pembe ya kuitia watu msaragambo ikilia mara tatu, kila mtu huacha alichoshika na kwenda kwenye kazi ya pamoja. Joel alimpa Omari kamera. Omari alijitosa, na hakuibuka. Walimtafuta siku mbili.

Joel aliporudi nyumbani alimweleza mama yake, Eliwaza. Pembe ya marehemu babu, yenye ufa, ilikuwa ukutani, haijapulizwa tangu azikwe.

"Ishushe, mwanangu," mama alisema.

Alipoiinamisha, maji yalimmwagikia miguuni. Mama alichovya kidole, akaonja, akatema. Yalikuwa ya chumvi.

Omari hajapatikana. Joel na mama yake wapo hai. Pembe wameirudisha ukutani, na sakafu iliyo chini yake haikauki.