Mazoezi ya Msiba

Gwalugano, mtoto wa jirani yetu wa Iyula, alikuwa mwongozaji wa michezo ya kuigiza asiye na ofisi wala mwajiri. Leo anafufua tamthilia ya zamani Dar, kesho yuko Mbeya anatunga mpya na kikundi cha vijana, na kote huko alijiona mkubwa kuliko jukwaa lenyewe. Mama yake alimsikia redioni tu. Kupiga simu nyumbani bwana mkubwa alikuona ni ushamba.

Mwaka jana akapata kazi Tunduma, kufufua mchezo wa zamani wa msiba wa chifu. Mazoezi yalifanyika kwenye ghala la mahindi, mchana kweupe, malori ya Zambia yakinguruma nje. Siku hiyo ilianza vizuri. Wakanywa chai kwa mihogo, wakataniana, wakafika kwenye kilio.

"Huu ni upuuzi," Gwalugano akasema. "Mtoto aliyenyimwa andazi analia kuliko nyie. Mlilieni mtu mnayemjua. Mtajeni kwa jina."

Ketrina, mama mtu mzima aliyeigiza mke wa chifu, akashusha sauti. "Bosi, kwetu aliye hai haliliwi kwa jina."

"Ndiyo maana hamwendi mbele." Akatandika mkeka, akajilaza, akajifunika shuka gubigubi. "Haya, nililieni mimi."

Wakaanza kwa woga. Kilio kikakolea polepole, mpaka Gwalugano akatabasamu chini ya shuka. Kumbe washamba hawa wanaweza! Kikapanda. Kikawa kizuri mno. Kisha mwanamke mmoja akamwita Kasuku, jina la utotoni ambalo Tunduma hakuna aliyelijua. Ilikuwa sauti ya mama yake.

Akafunua shuka.

Waigizaji wote walikuwa wamejibanza mlangoni. Wamefumba vinywa. Kilio kilikuwa kinaendelea.

"Nani analia?"

"Sisi tuliacha kitambo, bosi," Ketrina akanong'ona.

Alitoka mbio bila kuaga. Akadandia basi hadi Vwawa, akachukua bodaboda mpaka Iyula, njia nzima akiwatukana wale waigizaji kimoyomoyo. Wamemchezea, wajinga wale. Uwanja wa kwao ulijaa watu. Nyuma ya nyumba, katikati ya mibuni, palikuwa na tuta la udongo mbichi.

"Mama, mimi hapa."

Mama akamtazama, kuanzia viatu mpaka utosini. Hakushtuka. "Sura ni yake," akasema. "Lakini mwanangu tumemzika leo. Uso tumeuona sote."

Gwalugano akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Ndipo akapiga magoti, yeye aliyezoea kupigiwa, akamshika mama mkono. "Nitazame vizuri, mama. Mimi ni mwanao. Usinikane."

Mama akautoa mkono wake taratibu, kwa adabu, kama unavyofanya kwa mgeni aliyekosea nyumba.

Mjomba wake, Nsajigwa, akatoa simu. "Ngoja tumpigie. Kama ndiye, itaita kwake."

Akapiga. Gwalugano alikuwa ameikamata simu yake mkononi, anaikodolea macho. Kimya.

Iliita kwenye mibuni. Chini ya udongo.

Ikapokelewa.

Mama akaidaka simu ya kaka yake. "Mwanangu?" Akasikiliza. Uso ukamlainika. "Umekula?" Akampa Gwalugano mgongo, akaenda zake mibunini, akiongea.

Yule wa Tunduma bado anaongoza michezo yake, na watu wanalipa kumwona. Kwao hakanyagi tena, maana mlango haufunguliwi. Mama hana hata chembe ya huzuni. Anasema mtoto siku hizi amejirekebisha, anapiga kila jioni. Jumapili akitoka kanisani hununua vocha ya kukwangua, akaiweka juu ya tuta na kuikandamiza kwa jiwe. Kukicha huikuta palepale, chini ya jiwe lake, imekwanguliwa.