Mkasi wa Kitambaa

Kila alasiri Chiriku alirudi kutoka shuleni, akavua sare na kwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kushonea. Jina hilo la Chiriku alipewa kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Zamani chumba kile kilikuwa stoo ya magunia na ndoo mbovu. Mama yake, fundi cherehani, alikisafisha akisaidiwa na binamu wa Chiriku, binti wa mjomba aliyekuja kuishi nao ili ajifunze ushonaji. Cherehani wakaiweka dirishani penye mwanga, meza ya kukatia kando ya ukuta, nyuzi wakazipanga rafuni kwa rangi. Mkasi mkubwa ulitundikwa kwenye msumari. Binamu ndiye aliyeutunza, na ulikuwa wa kukatia kitambaa tu, si kitu kingine.

Jumamosi moja mama na binamu walipokwenda kununua vifungo, Chiriku aliutumia kukata waya wa kigari cha kazi ya shule. Akaurudisha msumarini, akanyamaza.

Jumatatu mama alianza kukata hariri ya gauni la bibi harusi. Mkasi ukatafuna, hariri ikachanika katikati. Mama aliyatazama makali yenye mapengo, kisha akauliza nani kafanya hivi. Binamu akasema si yeye. Mama akamgeukia Chiriku.

"Sijui," alisema Chiriku, macho sakafuni.

Mama hakufoka. Alimwambia binamu, mtunza mkasi, kwamba hawezi kumfundisha kazi mtu anayeficha makosa. Binamu alikunja nguo zake, akamshukuru shangazi yake kwa adabu, akarudi kwao.

Kazi zake akaachiwa Chiriku. Kila alipoinama kuokota pini alimwona akilini binamu akiondoka na mfuko wake. Mwishowe alisimama mbele ya cherehani akasema yote. Mama akaacha kukanyaga pedeli.

"Vaa viatu," alisema. "Twende kwa mjomba wako."

Huko mama alimwomba radhi mtoto wa kaka yake mbele ya watu wote wa nyumbani. Chiriku naye akapiga magoti. Binamu aliwasikiliza hadi mwisho.

"Nimewasamehe," alisema. "Lakini Shangazi, hukuniuliza hata mara ya pili. Sirudi."

Mjomba alitaka kumsihi, mama akamzuia.

Njiani Chiriku alilia, akauliza kama binamu hatabadili nia. Mama alisema hajui. Walipokaribia nyumbani mama akasema tena.

"Mimi nilihukumu haraka, na hilo ni langu. Wewe ungesema siku ile ile, ningekukaripia, yakaisha. Sasa jina lake limesafishika, lakini yeye tumempoteza. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, kabla mtu mwingine hajaadhibiwa kwa kosa lako."