Alinitafsiria Maneno Kumi na Mawili, Nikamwita Mwizi

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na mitatu. Ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, na ninaishi Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda, na mama yangu tangu nikiwa msichana mdogo wa kuruka kamba. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, ada ilipomshinda mama. Lakini msinihurumie! Mimi ni mtu wa kucheka. Mama husema nikipewa ugali bila mboga, nitaanza kuusifia ugali.

Leo sina cha kuwachekesha. Nilimharibia mtu jina... mtu ambaye hakunikosea lolote.

Huku kwetu, familia ikipata safari ya kwenda kuishi Amerika au Kanada, huuza vitu vyake haraka kabla ya siku ya ndege. Redio, sola, simu, pasi ya makaa, viatu. Mimi nilikuwa nawafuata hao wanaoondoka. Nanunua kwa bei ya kuagana, nasugua vumbi kwa mswaki, napiga picha, naweka kwenye kundi la mtandaoni la watu wanaobadilishana vitu vilivyotumika. Wanunuzi wangu wengi walikuwa mjini Mbarara. Walinilipa kwa sarafu za mtandaoni, zile zisizoshikika kwa mkono, zinazokaa ndani ya simu.

Mtauliza, kwa nini sarafu hizo? Kwa sababu laini yangu imeandikishwa kwa jina la mtu mwingine. Pesa iliyo kwenye laini ya mtu... unaweza kuamka ukakuta ni yake! Sarafu hizo hazikuniuliza kitambulisho.

Nilikuwa ninazilimbikiza ninunue kompyuta iliyotumika, kwa sababu ndoto yangu ni kuandika programu. Nilipomwambia mama kwamba ninajifunza "kodi", kama vijana wanavyoziita amri za kompyuta, aliacha kuchambua maharagwe.

"Kodi ya soko ao ya nyumba?" aliuliza. "Na tena tuko na nyumba gani ya kulipiwa?"

Aliyenionyesha njia hiyo ni Dieudonné. Wote tulimwita Dieudo. Alikuwa kijana Mrundi mwenye meza ya kutengeneza simu pale sokoni Base Camp, katikati ya makazi yetu, mpole, Mkatoliki wa misa kila Jumapili. Ndiye aliyeniingiza kwenye kundi lingine la mtandaoni, ambako vijana wa nchi nyingi wanafundishana programu bure. Masomo yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu wakati ule kiliishia kwenye salamu. Basi kila Jumanne na Ijumaa, wateja wakipungua, Dieudo alinieleza somo kwa Kiswahili nami nikajaribu kwenye simu yangu. Hakunitoza hata shilingi. Aliniita "dada fundi."

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza.

Siku nilipofungua pochi ya sarafu kwenye simu, yaani programu ya kuzihifadhia, ilinionyesha maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Niliyanakili nyuma ya kitabu changu cha nyimbo za kanisa bila kujua ni ya nini. Nilidhani ni ujumbe! Kanisani kwetu Mungu husema kwa njia nyingi, kwa nini asiseme kwa simu? Nikambebea Dieudo kitabu hicho anitafsirie.

Akasoma moja moja. "Yatima... ngazi... mbuzi... baridi... shangazi..."

"Yatima ni mimi!" niliruka. Baba yangu alikufa tukiwa bado Kongo. "Na ngazi, nitapanda! Mbuzi je?"

"Mbuzi utatuchinjia ukifika juu," alijibu, akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Kisha ghafla akafunika ukurasa kwa kiganja. "Dada, nisamehe, sikupaswa kusoma. Haya maneno ndiyo ufunguo wa pesa yako. Usimwonyeshe mtu tena. Hata mimi."

Hata mimi... Siku ile niliona ni uungwana. Baadaye niliyapindua maneno hayo, nikaona ni ya mtu aliyekwisha kujua atakachofanya!

Biashara yangu yenyewe ilinifundisha kushuku. Juu kabisa ya lile kundi la kubadilishana vitu, kanuni ya kwanza ilikuwa: usimwamini mtu. Nilikutana na wanunuzi Kakoba, mtaa wa Mbarara, mchana, mahali penye watu, na hata hapo tulisimama kama majogoo wawili. Nani atatangulia? Mimi nitoe redio au yeye atume sarafu? Mama mmoja aliyevaa vizuri kabisa alinionyesha picha ya malipo ambayo hakuwahi kuyatuma. Tangu hapo nikawa natazama mikono ya watu kuliko nyuso zao. Nilijiona nimeerevuka.

Kisha simu yangu ikatumbukia kwenye beseni la kufulia. Nilimkimbilia nani? Dieudo. Alisema itapona, lakini lazima ifutwe kila kitu kilichomo.

"Yale maneno yako unayo?" aliuliza.

"Ninayo."

Alikaa nayo siku mbili. Aliponirudishia nikaiweka upya ile pochi ya sarafu. Ikaniletea vitufe viwili vya Kiingereza, kimoja juu, kimoja chini. Nikabonyeza cha juu, nikapitia kurasa zake haraka haraka, hamu ilivyonishika. Pochi ikafunguka.

Sifuri.

Niliifunga, nikaifungua tena. Sifuri! Jasho la miezi yote ile... redio zote, sola zote, safari zote za Kakoba... vimekwenda wapi?

Niliandika kwenye kundi la biashara nikilia. Hazikupita dakika tano majibu yakamiminika. Nani mwingine aliyaona maneno yako? Mtu mmoja tu, nilijibu. Basi ni huyo! Hakuna njia nyingine! Watu waliojificha nyuma ya picha za simba na magari, hawanijui, hawamjui Dieudo... nami nikawaamini wao.

Kwa wiki nzima sikusema kitu. Nilimchunguza. Nikikaribia mezani pake, anaigeuza simu yake kifudifudi. Anaficha nini? Wiki ile alikwenda Mbarara mara mbili, akasema anafuata vipuri. Vipuri gani vya mara mbili? Halafu viatu! Alikuwa na viatu nisivyowahi kumwona navyo. Hata huruma yake niliishuku. Aliponiuliza, "Dada, mbona umekonda?" nilijisemea moyoni: mwizi anauliza kama kidonda kinauma.

Siku ya soko nilimwendea. Nilikwenda na wanawake wawili wa kwaya yetu, mmoja wao kiongozi wetu, Mama Sifa, mwenye sauti ya kufika mpaka bonde la pili.

"Dieudo, rudisha pesa yangu."

"Pesa gani, dada?"

"Ile uliyosoma maneno yake."

Alisimama. Uso wake ukabadilika kama mtu aliyekumbuka kitu. "Ngoja kwanza. Ulipofungua ile pochi, uliyaandika yale maneno, ama yenyewe ilikupa mengine mapya? Leta kitabu nikuonyeshe."

"Ee! Batu ba Mungu!" Mama Sifa alipiga makofi. "Anataka kuyaona tena! Hajashiba!"

Watu wakacheka. Wakajaa. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Hawa Barundi, si tulisema?"

Wasomaji, nililisikia neno hilo. Mimi niliyekunywa chai yake, niliyekaa kwenye kigoda chake Jumanne na Ijumaa... nililisikia, nikanyamaza. Lilikuwa upande wangu, nikaliacha linisaidie.

Wateja walianza kuchukua simu zao mezani, hata zilizokuwa zimefunguliwa, mfuniko mkono huu, betri mkono ule. Mtu akaisukuma meza. Skrubu ndogo ndogo zikamwagika vumbini. Dieudo alipiga magoti akaanza kuziokota, moja moja, na hakuinua uso kunitazama. Namshukuru Mungu hakuna aliyempiga. Lakini baada ya siku tatu, fasi ya meza yake ilikuwa tupu.

Na mimi? Nilitembea kama mshindi! Niliimba kwaya Jumapili ile kwa nguvu zote.

Sarafu hazikurudi. Mtaji wa kufuata wanaoondoka ukakatika, na binamu ya mama akanitafutia kazi ya kuosha vyombo kwenye mkahawa Kakoba. Nilikaa huko miezi mingi. Kiingereza cha wateja kikaanza kuniingia, na masomo ya programu niliyaendeleza peke yangu. Ndoto haikuwa imekufa, ila sikuwa na wa kumwuliza.

Jirani na mkahawa kuna duka la kompyuta zilizotumika. Nilizoea kuingia nizipapase tu. Mwenye duka ni mama wa Kinyankore, tumwite Peace. Siku moja nilimsimulia habari za Dieudo ili ajihadhari na watu. Akaniomba aione pochi yenyewe.

"Wewe dada, hii iko mpya," alisema. "Hakuna kitu iliwahi kuingia, hakuna kitu iliwahi kutoka. Ile ya zamani iko wapi?"

"Ni hiyo hiyo."

"Hapana. Kitufe ya juu inasema tengeneza mpya. Ya chini inasema niko nayo tayari. Wewe ulifinya gani?"

"Ya... juu."

"Eeh, bambi!" alinisikitikia.

Aliniambia niyaandike maneno yangu ya zamani. Na hata hapo, mnaamini? Nilimshuku! Kitabu cha nyimbo kilikuwa ndani ya mkoba wangu, nikaukumbatia mkoba kifuani. Mama Peace alinitazama, akatikisa kichwa, akageukia rafu zake.

"Andika. Mimi naangalia ukuta."

Niliandika. Yatima. Ngazi. Mbuzi. Nikakosea, nikaanza upya. Lilipoingia neno la kumi na mbili, pochi ikafunguka... na sarafu zangu zilikuwa pale. Zote! Hakuna aliyegusa hata moja, tangu siku ya kwanza.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya duka nikalia. Mama Peace alidhani ni furaha, akaniletea soda. "Sasa unachukua kompyuta gani?" Nilikuwa naona mtu amepiga magoti anaokota skrubu.

Wiki hiyo nilipekua ujumbe wa zamani kwenye kundi la programu, nikamkuta mtu mwenye jina nisilolijua na picha ya bisibisi. Kila Jumatatu na Alhamisi alikuwa anauliza maswali. Nilipoona siku hizo nilimtambua, maana kesho yake, Jumanne na Ijumaa, ndipo Dieudo aliponifundisha! Kumbe naye hakuwa anajua! Alikuwa anajifunza leo, ananifundisha kesho, na ndicho alichokuwa anakificha kwenye simu ile iliyolala kifudifudi. Swali moja nimelinakili kama nilivyolielewa: "Nina mwanafunzi mmoja. 'Kama' ameielewa vizuri. 'La sivyo' inamshinda. Nimweleze vipi bila kumvunja moyo?"

Kwa msiojua, kwenye programu ukiandika "kama", unaweka na "la sivyo", ili kompyuta ijue la kufanya mambo yakiwa tofauti na ulivyodhani. Mimi niliandika: kama aliyaona maneno, ni mwizi. Nikafunga hapo.

Na vile viatu? Labda alinunua viatu tu. Mtu si ana miguu?

Nilimwandikia kwenye jina lile. Nilieleza yote, nikaomba msamaha, nikasema nitamnunulia meza na vifaa vyote. Zilipita siku tisa. Jibu lilikuwa fupi:

"Nimeshukuru kusikia pesa yako iko. Mimi sirudi. Mama yangu bado yuko Nakivale, na kwenye bomba la maji wanamwita mama wa mwizi. Anzia hapo."

Hakuniita dada.

Nilipanda gari la kurudi Nakivale, na Jumamosi asubuhi nilikwenda kwenye bomba la mtaa wao. Wanawake walikuwa kwenye foleni na madumu yao. Mama yake nilimtambua, mwembamba, kitenge cha kijani, amesimama nyuma ya wote kama mtu aliyezoea kupitwa. Nilisema kwa sauti:

"Mimi ndiye niliyesema Dieudo ameiba. Hakuiba. Pesa nilikuwa nayo siku zote, mimi ndiye sikujua kufungua."

Kisha mmoja akaguna. "Tulimwita mwizi kwa kinywa chako. Leo unataka tumwite nani, malaika?" Wenzake wakacheka, mwingine akaniambia nisogee nisiwazibie maji.

Mama yake alipojaza dumu lake nilikimbia kumtwisha. Aliuondoa mkono wangu taratibu, akajitwika mwenyewe. Sikuona hasira usoni mwake. Ningeipenda hasira!

"Urudi Jumamosi ijayo useme tena," alisema. "Leo walikuwa wachache."

Nimerudi. Nimesema bombani, nimesema sokoni pale pale penye meza, nimesimama kanisani mbele ya Mama Sifa na kwaya yote. Wengine husema "kumbe!" huku wakiendelea kuchagua nyanya. Wengine bado wanasema huyo Mrundi lazima alikuwa na lake.

Vijana wenzangu, uzeni vitu vyenu mtandaoni, jifunzeni programu, ndoto ni zenu! Lakini kitu kikikupotea, usikimbilie sokoni. Kaa na unayemshuku, mwulize, na akikuuliza swali, mjibu. Ningemjibu Dieudo swali lake moja, leo ningekuwa bado naitwa dada fundi. Na mkisikia watu wanalisema kabila la mtu mbele yenu ili kuwasaidia ninyi, ukataeni msaada huo palepale.

Anaitwa Dieudonné, alitengeneza simu Base Camp, na hakuiba. Ninaandika hapa kwa sababu mama yake alisema walikuwa wachache.